Nilimwachia Baba Mkwe Ashinde Poka, Sasa Anataka Kumweka Ng'ombe

Mama Mshauri, pokea salamu zangu, na ukiona mwandiko unapanda na kushuka ujue ni hasira, maana naandikia jikoni na hao ninaokueleza habari zao wako sebuleni wanacheza.

Mimi ni mke wa Cleophas, karani wa ofisi moja mjini Kisii, na tunakaa huku Nyamache. Mzungu aliyekuwa mkubwa wao alipofunga mizigo baada ya Uhuru aliwaachia makarani karata na mchezo wa poka, basi Cleophas akauleta nyumbani, akamfundisha baba yake, Mzee Onchiri, na kwa kuwa wawili hawanogi akaniita nami niwe wa tatu, nikamwambia wewe ni Mgusii au umesahau, mimi na baba yako tuna chinsoni, ile miiko ya haya kati ya wakwe, simtazami usoni wala simpi kitu mkononi, nitakaaje naye meza moja? Akasema ni mchezo tu. Basi nikakaa kwenye kigoda pembeni, nimegeukia ukuta, Cleophas akinipitishia karata.

Sheria nilizishika upesi. Unapewa karata tano, unabadilisha zisizokufaa, jozi moja hushindwa na jozi mbili, jozi mbili hushindwa na tatu zinazofanana, tunaweka maharagwe katikati, na anayeona karata zake mbovu anazilaza kifudifudi na kujitoa. Shida ni pale Cleophas aliposema ufundi hasa ni kujitia una karata nzuri nawe huna kitu, yaani nikamdanganye baba mkwe, Mama, mtu ambaye hata kukohoa mbele yake naona haya. Basi kila Mzee akiongeza maharagwe mimi nalaza karata, hata siku niliyoshika wafalme watatu nililaza, na Cleophas naye ni mwoga wa kuzaliwa, hujitoa kabla yangu.

Sasa Mzee anajiona bingwa. Amesikia kuna madereva wa malori wanaocheza poka Keroka nyuma ya hoteli, na anasema siku ya soko ijayo anakwenda kumweka dau mtamba wetu mwekundu, ambaye ni wa mahari ya shemeji yangu Obwocha, aliyengoja kuoa mpaka mchumba ameanza kuchoka. Nimemwambia Cleophas kwamba baba yake anashinda kwa sababu mimi najitoa, akacheka na kusema, "Mzee ana kipaji, wewe una wivu tu." Nikisema namvunjia Mzee heshima, nikinyamaza ng'ombe anakwenda. Nifanyeje?

Bonareri

JIBU

Pole, Bonareri. Pole hiyo ishike vizuri, maana sina nyingine.

Huyo Cleophas ndiye aliyekuvuta kwenye meza usiyostahili kukaa, kisha anakuita mwenye wivu. Mwambie nimesema aone aibu. Lakini wewe nawe! Wafalme watatu unawalaza kifudifudi, halafu unashangaa mzee wa watu akijiona bingwa? Ni wewe uliyempa ubingwa huo. Ulidhani unamstahi, kumbe unamnoa aende akachinjwe na madereva, ambao hawana chinsoni naye hata chembe.

Heshima ya baba mkwe ni kumkinga asiaibike mbele za watu. Akirudi kutoka Keroka ameshika kamba tupu, na Obwocha anamtazama, kigoda chako cha pembeni kitamsaidia nini?

Sasa fanya hivi. Kabla ya siku ya soko, omba mchezo. Kaa palepale ukutani, usimtazame, usimpe kitu mkononi, mila yako ibaki nzima. Ila usilaze karata. Ukipata nzuri, ongeza maharagwe. Ukipata mbovu, ongeza vilevile, uone kama bingwa hatakimbia. Mmalize mpaka sahani yake ya maharagwe iwe tupu. Usiseme neno wala usicheke. Cleophas ndiye afunue karata zako mezani, maana kazi hiyo ni yake.

Na Obwocha asikae akingoja kipaji cha mtu. Aketi na baba yake asubuhi inayofuata, moyo wa Mzee ukiwa bado laini, wakubaliane mtamba apelekwe kwa wakwe. Ng'ombe aliye katika boma la watu wengine hachezewi poka.

Maharagwe utakayoshinda usiyarudishe kwenye mkebe. Yapike jioni hiyohiyo, uyaunge vizuri, na sahani ya kwanza apelekewe Mzee.