Kifaa cha Kusomea cha Nukta

Basi Dada, sikukukatia simu makusudi uliposema kwamba ninataka kumhonga mtoto wa watu. Chaji ndiyo iliyoisha, na ilipoisha nikaona heri nikuandikie, kwa sababu habari yenyewe ni ndefu na wewe ukishika simu humwachii mtu nafasi ya kuvuta pumzi.

Lakini kwanza nikuamkie. Shikamoo. U hali gani wewe, na shemeji naye? Lile goti lake limetulia, au bado linamtabiria mvua? Nibusie wanangu wote, hata yule anayejifuta shavu akibusiwa. Sisi huku ni wazima. Mimi hasa ni mzima hadi naona aibu. Nikiamka asubuhi nikamwona mume wangu amelala, na doa la rangi kwenye sikio lililokataa sabuni, nacheka peke yangu kama mtu aliyeokota kitu njiani na mwenyewe hajatokea kukidai. Najua uliniambia kwamba miezi ya mwanzo kila mtu huwa hivi. Niache tu niwe hivi.

Nilikwambia kwamba ni mchora mabango, lakini sidhani kama nilikwambia ugonjwa wake. Hawezi kuona kitu kimekaa bila maandishi. Kopo la sukari limeandikwa SUKARI kwa herufi ndefu kama kiganja. Ndoo ya maji ya kunywa, sanduku la viatu, mlango wa choo, vyote vinajitaja. Hata ratiba ya shule ya mtoto ameichora ukutani, HESABU peke yake imekula nusu ya ukuta. Na juu ya kitanda chetu, wiki ya harusi, aliandika HAPA PANA BAHATI. Rangi ile nilimuuzia mimi mwenyewe pale dukani kwetu, akaniambia ni ya kibanda cha kinyozi. Kumbe ndivyo alivyokuwa tangu mwanzo, ananunua vikopo vidogo vidogo ili apate sababu ya kurudi kesho yake, nami nikidhani ni fundi asiyejua kukadiria kazi.

Sasa huyu binti yake. Mama yake mzazi alifariki mtoto hajaanza hata kutembea, na baba yake anamwita Nukta, kwa maelezo kwamba ukimaliza kuandika yote, nukta ndiyo inayokwambia kwamba sasa imekamilika. Yuko darasa la tatu. Ni mpole, mwembamba, ana maswali. Tulipooana baba yake alimwambia kwamba mimi ni mama mdogo. Akaitikia vizuri tu, halafu hakuniita hivyo hata mara moja. Akinihitaji alianza na samahani, kama ananiuliza njia.

Hayo ningeyameza. Kilichonichoma ni kule langoni. Siku nikiwa na zamu ya asubuhi hutoka kazini mapema nikamsubiri kwenye lango la shule. Nampungia mkono tangu yuko mbali, nacheka, mwenyewe nimejipamba. Ananipita, Dada. Ananipita hivi hivi kama nguzo ya umeme, mpaka nimwite, ndipo anashtuka na kuja ameinamisha kichwa. Mezani nako vilevile. Nikimtabasamia ananitazama kama anayetazama ukuta ambao haujapakwa rangi. Nilimwuliza baba yake nimemkosea nini mtoto. Alinijibu nimpe muda. Nikampa muda, muda ukanitazama vilevile.

Halafu mwalimu wake akatuita. Alisema mtoto ana akili ila kusoma kwake ni kuzito, anabahatisha maneno, na kitabu kikifunguliwa yeye anaomba ruhusa ya kwenda nje. Baba Nukta alikataa katakata. Alisema huyu mtoto amejua kusoma kabla ya kung'oka meno, anasoma kila bango analolichora baba yake, na kila kitu mle ndani. Na ni kweli, mimi mwenyewe nimemsikia akisoma jikoni kote bila kukwama. Tukakubaliana kwamba ni uvivu wa vitabu, basi, atafutiwe kitu cha kumtia hamu.

Hapo ndipo nilipopata wazo langu. Kuna mama mmoja mteja wetu huja na kifaa cha kusomea vitabu, chembamba kama kigae, ndani yake mmejaa hadithi tele. Hakipigi simu, hakina michezo, ni vitabu tu. Alikuwa anasoma nacho huku akisubiri nimchanganyie rangi, hata nilipomwita hakusikia. Nikasema moyoni, hiki hiki. Na nikuambie kweli, kwenye hili la kuhonga hukukosea sana. Nilitaka kiwe mkononi mwake, na kila akikifungua akumbuke nani alileta wazo.

Tulikwenda wote watatu siku ya mapumziko, Nukta katikati, kila mmoja amemshika mkono, yeye akiutembeza wake ndani ya wangu kama asiyejua auweke wapi. Muuzaji alikuwa dada mmoja mwenye kucha ndefu na maneno mengi zaidi. Alitupangia vifaa juu ya kaunta. Kimoja kilikuwa na rangi zote, kingine kilikuwa na sauti inayokusomea kitabu chenyewe wewe ukiwa umelala, na cha tatu kilikuwa cha kijivu tu, uso wake kama karatasi, hakina mbwembwe. Mimi nilikuwa nimeshachagua chenye sauti. Nilijisemea, mtoto mvivu wa kusoma asomewe. Baba Nukta naye, unategemea nini, alitaka chenye rangi. Lakini alipokisogeza usoni akaanza kugombana na herufi. Akamwuliza yule dada nani ameandika hizi. Akajibiwa kwamba hakuna aliyeandika, ni mashine. Akasema haiwezekani, lazima kuna mtu, na mtu huyo ameikata herufi g mkia kama mjusi aliyebanwa na mlango. Yule dada akaniuliza pembeni kama shemeji huwa hivi siku zote. Nikamwambia leo amejizuia.

Wakati sisi tunabishana, Nukta alikuwa na kile cha kijivu. Kuna alama pembeni, ukiigusa maandishi yanakuwa makubwa, ukiigusa tena yanakuwa makubwa zaidi. Aligusa. Akagusa tena. Akaendelea kugusa mpaka ukurasa mzima umebaki na maneno machache, manene kama ya kwenye bango. Kisha akaanza kusoma kwa sauti, hadithi ya kobe aliyetaka kuhama nyumba. Hakukwama, Dada. Alisoma kama maji yanavyotoka bombani, anafika mwisho, anafungua ukurasa mwingine, sauti ya kobe anaiga, sauti ya mkewe anaiga. Mume wangu akatabasamu akanigusa kiwiko, kwamba si nilikwambia.

Yule dada wa kucha ndiye aliyetuamsha. Alicheka, wala hakuwa na ubaya, akasema, “Hee, kamefanya maandishi kama ya bibi yangu. Naye asipoyapandisha hivyo haoni kitu.”

Mume wangu aliacha kutabasamu. Akakiweka chini kifaa chake, akamwomba Nukta amsomee bango la ng'ambo ya barabara, lile alilowachorea watu wa duka la magodoro. Nukta akasoma lote, mpaka namba ndogo za simu zilizoko chini. Nikashusha pumzi. Lakini baba yake hakushusha. Akamwonyesha lililo kando yake, la fundi mwingine. Nukta akakodoa, akasogea mlangoni, akauliza, “Lipi baba? Lile jekundu?” Na jekundu ndiyo yote aliyoona. La magodoro alilisoma kwa sababu alikuwa amekaa chini ya ngazi siku nzima baba yake akilichora. Mabango yote ya baba yake anayajua kwa kichwa.

Hatukununua kitu siku ile. Tulikwenda kwenye kliniki ya macho. Daktari alimvika fremu nzito ya kupimia, akawa anabadilisha vioo kimoja kimoja, na kila akibadilisha Nukta anamwambia hapana, hapana, mpaka kwa kimoja akainua uso. Halafu akauliza, “Kumbe mti wa kwenye picha ile una majani moja moja?” Daktari alitueleza kwamba macho yake yote mawili yanaona vitu kwa ukungu, vya karibu na vya mbali, na kwamba yamekuwa hivyo tangu azaliwe, ndiyo maana hakuwahi kulalamika. Alidhani dunia ndivyo ilivyo. Akatuuliza imekuwaje nyumbani hatukugundua. Nyumbani kwetu kila kitu kimeandikwa kwa herufi za kuonwa kutoka barabarani.

Siku ile mume wangu alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, hakutaka kula. Aliniambia kwamba amemficha mwanawe kwa mkono wake mwenyewe. Nikakaa naye. Nikamwambia kwamba mtoto mwingine mwenye macho yale asingejua hata a, na huyu anajua kusoma kwa sababu baba yake alimwandikia ulimwengu kwa kipimo chake bila kujua. Alinishika mkono akaubana kwa nguvu. Nampenda, Dada, hata akiwa na huzuni nampenda, mikono yake inanuka tapentaini na mimi naona ni manukato.

Miwani ikaja. Nukta alivaa pale pale kliniki, akanigeukia, akanitazama muda mrefu mpaka nikaona haya. Nikamchekea. Unanijua mimi hucheka bila sauti, wewe mwenyewe ndiye uliyesema nacheka kama redio iliyozimwa. Akanisogelea karibu kabisa akasema, “Kumbe una mwanya.” Kisha akamgeukia baba yake, na maneno aliyosema nitayakumbuka hadi uzeeni. Alisema, “Baba, anacheka. Mimi nilidhani amenuna.” Yaani muda wote ule niliokuwa namtabasamia mezani, yeye alikuwa anaona uso usio na kitu, na kicheko chenyewe hakina sauti ya kumwambia. Mimi nikijua mtoto hanitaki, mtoto akijua mimi simtaki, na wote wawili tulikuwa tunakula kwenye sahani zilizoangaliana.

Kesho yake nilikwenda langoni. Aliniona kutoka mlango wa darasa, mbali kule, akapunga mkono hadi mkoba ukamvuka kichwani. Wenzake walimwuliza anampungia nani.

Tukarudi kwa dada wa kucha. Safari hii tulimwachia Nukta mwenyewe achague, sisi tukafunga midomo, ingawa mume wangu ilimgharimu jasho. Alichukua kile cha kijivu. Alisema macho yakichoka atakuza maandishi na yakipumzika atayapunguza. Yule dada, mfanyabiashara hadi mwisho, akamkumbusha kwamba kile kingine kinasoma chenyewe. Nukta akamwambia hapana, hicho kinasema sana, yeye anataka kusoma mwenyewe na mama mdogo atakuwa anamsikiliza. Alilisema neno hilo akiwa anatazama kaunta, kama kitu ambacho amekuwa akikisema siku zote. Nikajifanya natafuta kitambaa kwenye mkoba. Sasa mimi nikikatakata vitunguu yeye huketi juu ya sanduku la viatu akanisomea, na yule kobe bado hajahama.

Na sasa, Dada, keti, maana kuna jambo sijakwambia. Chini ya kitanda chetu kulikuwa na begi. Nilikuwa nimelifunga kabla ya safari ile ya kwanza ya dukani, nguo zangu, kandambili, na lile shuka ulilonipa. Nilikuwa nimeamua kwamba kifaa kikishindwa kumleta mtoto kwangu, nije kwako nikae, ili apumue, awe na baba yake kama zamani. Si kumwacha mume wangu, Mungu apishe mbali. Ila nilijiona kama kiti kilicholetwa kwenye chumba kilichojaa. Sikukwambia kwa kuwa ninakujua, ungepanda basi la alfajiri uje unichukue mwenyewe, na pengine ungemtukana mume wangu mbele ya majirani.

Juzi nikalivuta begi nirudishe nguo kabatini. Nikalikuta limeandikwa. Ubavuni, kwa rangi nyeupe na kivuli cha buluu, herufi zake nzuri kabisa anazowawekea wateja wanaolipa vizuri: KWENDA NA KURUDI.

Mimi nauza rangi, Dada. Rangi ile hukaa siku nyingi kabla ya kukauka vile, na ile ilikuwa kavu hadi inalia ukiigonga kwa ukucha. Maana yake alikuwa ameliona zamani, kabla ya duka, kabla ya daktari, akanyamaza. Hakunikataza, hakuniuliza, hakuninunia. Aliniandikia tu. Nilimfuata uani na begi mkononi, naye akawa anaosha brashi ambayo tayari ilikuwa safi. Alisema begi lisilo na maandishi hupotea kwenye basi. Ndicho alichosema tu, akaitia brashi majini tena.

Nukta alikuwa mlangoni na miwani yake. Alilisoma begi kutoka kule kule, bila kukodoa, akauliza nani anakwenda na kurudi. Nikamwambia sisi wote, kwa mama mkubwa. Akaenda mbio akaleta gauni lake la kulalia na kile kifaa chake, akavitia juu ya shuka lako, akafunga zipu mwenyewe.

Basi nguo sikuzirudisha kabatini. Msalimie shemeji, waambie wanangu kuna dada yao anakuja kuwasomea kobe, nawe ufiche makopo yako ya jikoni kama hutaki yaandikwe. Kabla mwezi huu haujaisha utatuona watatu mlangoni pako, na begi utalisoma tangu tukiwa barabarani.

Mdogo wako akupendaye,
Redio Iliyozimwa