Kiraka cha Kalerwe Kitakatwa Jumatatu

Kaka Wafula,

Injinia ametutangazia leo mchana kwamba Jumatatu kiraka chetu cha lami pale Kalerwe, hapa Kampala, kitakatwa, aone kilicho chini yake. Nakuandikia usije ukasikia kwa wengine. Mimi ni mzima. Mgongo wako umetulia? Na Mama, kikohozi kimemwacha?

Mambo yalikuwa hivi. Siku tuliyoziba, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Shimo lilikuwa mbele ya soko, na kingo zake tulishazikata mraba, kama ulivyonifundisha. Tulichota maji, tukafagia, lakini murramu, ule udongo mwekundu wa chini ya lami, ilibaki laini. Nilibonyeza, kidole kikazama. Nalongo, mama wa mapacha anayeuza mboga hapo, alikuwa akisuuza beseni lake ng'ambo ya mtaro. Akanicheka: "Wewe Mukenya, lami yako inaogopa maji kama paka?"

Nilimwomba Okello, msimamizi wetu aliyewahi kuwa mwanajeshi, tusubiri jua. Akaonyesha lori. "Lami inapoa! Ikipoa tunatupa yote. Mwaga!" Nikamwaga, tukashindilia. Kwenye fomu, penye hali ya shimo, niliandika "kavu" nikatia sahihi. Hakuna aliyenishika mkono niandike hivyo.

Siku ya nne kiraka kilianza kung'oka ukingoni. Mwendesha bodaboda mmoja alikanyaga hapo, akaanguka, akavunjika mkono.

Jana Okello alinivuta kando. "Sema ni hao mama ya soko walimwaga maji. Nani atawauliza?"

"Afande, maji ya beseni hayavuki mtaro."

"Basi funga nguo zako, rudi kwenu."

Nikisema kama anavyotaka, wauzaji wote wataondolewa kando ya barabara, na Nalongo hana meza nyingine. Nikisema kweli, kazi imekwisha.

Nimeandika karatasi nyingine: shimo lilikuwa na maji kabla ya lami, na mimi nilijua. Agizo la Okello nimeliweka neno kwa neno. Sahihi ya fomu ni yangu, hilo sikulificha.

Msalimie shemeji aliyenishonea ovaroli, na mjomba wetu wa kwaya. Mama msomee mwanzo tu. Nikifukuzwa, nitafika huko Alhamisi, niwekeeni kitanda.

Karatasi nitamkabidhi injinia Jumatatu, saa mbili asubuhi, kabla sururu haijagusa lami.

Mdogo wako,
Barasa