Kihenge Kina Joto

Chimala, Jumanne asubuhi

Dada yangu Matilda,

Shikamoo dada. Baridi ya Iringa inakuachia mifupa? Goti lako je, na kifua cha shemeji? Mimi mwili mzima, nakula, kulala ndiyo kidogo. Nimesikia umemaliza kisomo cha watu wazima na sasa unasoma bila kutafuta mtoto wa kukusomea. Nimefurahi sana, hasa leo, maana barua hii usimpe mtu. Isome mwenyewe, ukimaliza itie motoni.

Dada, naogopa. Sijaogopa hivi tangu siku ile ya nyati, nilipomkamata pembe kwa mikono miwili. Hapana, leo nisikudanganye. Nilikuwa juu ya mti.

Mambo yalianza hivi. Mwaka jana walikuja wasomi wa Chuo Kikuu, wakaitisha mkutano shuleni. Wakasema kuna fedha za utafiti zimetoka ng'ambo, ila zina sharti geni: wasomi peke yao hawapewi, lazima washirikiane na kijiji. Sisi tutaje shida yetu na tutoe ujuzi wetu, na wao watoe wao. Shida tukaitaja wote kwa pamoja: fukusi wanamaliza mahindi ghalani kabla ya Krismasi.

"Haya, nani hapa anajua kuhifadhi nafaka?" akauliza binti mmoja mtafiti, Ndugu Stella.

Kimya. Na wewe unanijua mimi nikisikia kimya.

Nikasimama. Nikasema baba yetu alikuwa fundi wa vihenge wa Uhehe nzima, kihenge chake kilikaa miaka saba na mahindi yakatoka yananukia shamba, na chui aliyekikwaruza alivunjika kucha. Mzungu aliyefuatana nao akaandika yote, mpaka chui. Nikafanywa Fundi Mkuu wa mradi, nikapewa koti la kaki. Nalivaa hata kanisani.

Kusuka nilisuka, hilo halina ubishi. Baba alitufundisha sisi wanaume kusuka fito, na kihenge changu ni kirefu kuliko ofisi ya kijiji. Lakini kukandika, kujua mahindi yamekauka kiasi gani, kuziba mdomo, hayo yalikuwa yenu wewe na mama. Mimi saa hizo nilikuwa nimelala kivulini, nawe shahidi. Basi Ndugu Stella akaniuliza, "Mjomba, haya yamekauka?" Hapa kijiji kizima kinaniita Mjomba. Nikamjibu, "Binti, mimi nikiyatazama tu, yananiambia." Kijiji kizima kikamwaga chakula chake humo, tukaziba kwa samadi ya ng'ombe wa Masanja.

Masanja ni jirani yangu, Msukuma aliyehamia huku Usangu na mifugo yake. Alimwaga mahindi yake yote, nyumbani akabakiza madebe mawili tu. Akanipiga begani: "Mjomba, wanangu wanane wamo humo ndani. Yakioza, nawahamishia kwako pamoja na mbwa." Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote.

Jumamosi asubuhi nilipanda ngazi, nikafungua kifuniko, nikatia mkono mpaka kwapani. Dada, kuna joto. Joto la mtoto mwenye homa. Nilipoutoa, mkono ulikuwa na unyevu na ulinuka kama pombe inayoanza kuchacha. Nikaziba upesi. Kutazama chini, Ndugu Stella huyo na daftari lake.

"Mjomba, kukoje huko?"

"Kama peponi."

"Mbona unatetemeka?"

"Ngazi hii, binti."

Wiki ijayo wenye fedha wanakuja na wakubwa wa Chuo kukifungua mbele ya watu wote. Mahindi yakiwa safi, fedha za awamu ya pili zinatoka, na vijiji vinne vya jirani vinajengewa. Yakiwa yameoza, fedha zinarudi kwa wenyewe, na Ndugu Stella, aliyeniandika kwenye taarifa yake kuwa mimi ndiye bingwa, ataaibika pamoja nami. Aibu naijua, nitaibeba. Ninachoogopa ni wale wanane. Nawaota wamekaa mlangoni kwangu na mbwa wao. Nikikutana na mama yeyote amebeba ungo, nakata njia nyingine.

Nilipoanza kuandika nilitaka kukuomba uje kimyakimya, unifundishe, halafu nijifanye nilijua tangu zamani. Lakini kalamu imefika hapa imekataa. Kila siku ninayojificha, lile joto linapanda. Kwa hiyo barua nampa dereva wa lori la mchele, anapita Iringa leo. Ndani nimekufungia punje nilizozitoa ndani kabisa, mkono ulikofika. Ziume, kama mama alivyokuwa akiziuma na kusikiliza zinavyolia. Kisha panda lori hilo hilo, linarudi Ijumaa. Nimekuombea nafasi ya mbele, goti lisiumie.

Mimi sikungoji. Nikimaliza barua hii naenda kwa Ndugu Stella na katibu wa kijiji. Kihenge kifunguliwe leo, jua bado lipo, mahindi yamwagwe kwenye mikeka kila mtu aone. Wakiniuliza yaanikwe siku ngapi, nitasema sijui. Nimelijaribu neno hilo hapa peke yangu, dada. Linakwaruza koo. Halafu nitasema anayejua ni dada yangu, yuko Iringa, na Ijumaa anafika. Nimewaambia watu hawa uongo mwingi. Hili moja la Ijumaa usiliache liwe uongo.

Ile habari ya kuchoma barua, acha. Msomee shemeji, msomee na mama mdogo aliyetulea, mwambie nampigia magoti. Wapwa zangu wasalimie wote, na habari ya nyati nitawaeleza upya.

Ni mimi mdogo wako,
Agustino

Koti nimelitundika.