Koti la Jackson

Jumapili, 3 Februari 2019

Niwie radhi, daftari. Ukurasa wa mwisho ni wa Agosti, kabla mtoto hajazaliwa. Sasa ana meno mawili na hataki kulala. Nimekukuta chini ya nepi, nikasema leo hata mistari mitano.

Habari ni hii. Darasa la binti yangu Tavia lina makumbusho ya marais, Ijumaa tarehe 15. Unavaa kama rais, unasimama ukumbini kama sanamu. Mzazi anakanyaga kitufe cha karatasi sakafuni, sanamu inasimulia maisha yake dakika moja, kisha inaganda tena. Mimi utotoni nilikuwa Taft, rais mnene. Walinifunga mto tumboni.

Majina hutolewa kwenye kofia. Watoto ishirini na wawili, Mchoktaw mmoja, mtoto pekee wa wenyeji wa asili wa nchi hii. Na Tavia kachomoa Jackson, yule aliyetufukuza kwetu!

Nilicheka. Kisha nikaacha.

Jumanne, 5 Februari

Nimempigia Mwalimu Hollis. Mtu mwema. Kaomba radhi mara nne, hakufikiria, Tavia anaweza kubadilishana na Brayden mwenye Lincoln.

Tavia hataki. "Nimemchomoa mimi, Mama. Brayden atasema farasi na vita tu."

Kichwa kigumu. Sijui kakirithi kwa nani. (Najua.)

Alhamisi, 7 Februari

Simu na bibi yangu, tunayemwita Pokni. Pokni ana miaka themanini na mitatu na hapokei noti ya dola ishirini. Duka zima la mji wake, Broken Bow, wanajua: humpa kumi mbili, maana uso wa Jackson hauingii mkobani mwake. Kwenye friji yake yuko rais mmoja tu — Nixon, kakatwa gazetini. Wageni hushangaa. Yeye husema huyo ndiye aliyetuacha tuendeshe mambo yetu, mengine aliyofanya wamalizane naye wenyewe.

Nikamwambia.

"Kitukuu wangu avae koti la yule mtu?"

"Ni koti la mtumba tu, Pokni."

"Basi msinitumie gari. Mimi simkanyagii kitufe."

Hakukata simu. Hajawahi kukosa siku ya Tavia hata moja. Hata jino la kwanza kung'oka alikuja mpaka kwetu Tulsa.

Kazini, kwenye nyumba ya wazee, ukutani wako marais wote. Nakunja mashuka nawaangalia. Wazee huwazungumzia kama wajomba: huyu alituletea barabara, yule alinipelekea kaka vitani. Mimi sioni hasira wala mapenzi. Jackson alitia sahihi, watu wetu wakatolewa Mississippi, ndiyo maana nikazaliwa Oklahoma. Wimbo wa taifa nasimama. Mume wangu alivaa magwanda ya nchi hii. Yote hayo ni mimi, na siwezi kurudisha nusu. Ila mimi nina miaka thelathini ya kuyazoea. Tavia kapewa dakika moja.

Jumamosi, 9 Februari

Karatasi ya shule ina nafasi tatu: alizaliwa wapi, alipigana vita gani, anakumbukwa kwa nini. Ya tatu Tavia kaijaza mpaka pembeni, kageuza na nyuma:

"Mwaka 1830 nilitia sahihi sheria ya kuwahamisha watu. Msichana mmoja alikuwa na miaka tisa. Alitembea kwenye baridi bila viatu. Sikumjua jina. Anayeongea nawe sasa ni wa ukoo wake."

"Mama, nikifika hapo nigande, au nivue koti?"

"Wewe unaonaje?"

"Nivue."

"Na ndani umevaa nini?"

Akanitazama kama mimi ndiye mtoto.

Jumatatu, 11 Februari

Mwalimu Hollis kasoma mara mbili. Kasema imemgusa, ila kila kinachosemwa lazima kiwe na ushahidi. Huyo msichana anatoka wapi?

"Kwenye Biblia ya ukoo wetu," nikasema. "Jina lake limeandikwa ukurasa wa kwanza. Na maneno haya hayapunguzwi."

Kasema sawa, nilete ukurasa kabla ya Ijumaa. Biblia iko kwa Pokni. Haitoki nyumbani mwake, wala tangu Alhamisi yeye haongei nami.

Jioni nikapiga hivyohivyo. Sikumwomba kitu. Nikamsomea maneno ya Tavia mpaka mwisho, mtoto analia begani.

Nikamhamishia mtoto bega la pili.

"Kiatu alikuwa nacho," Pokni akasema. "Cha mguu mmoja. Bibi wa bibi yangu huyo. Mwambie arekebishe."

Akakata.

Hakusema anakuja. Hakusema haji. Kaka yangu Dwain atapita kwake Jumatano. Nimemtumia ujumbe, naandika na hapa nisisahau. Bado nahitaji:

Picha ya ukurasa wa kwanza wa Biblia, jina lisomeke. Pokni mwenyewe ndiye afungue.

Gauni la bluu la Tavia, la Kichoktaw, lenye mapambo ya umbo la almasi kifuani, aliloshonewa na Pokni. Lishushwe pindo inchi mbili, mtoto karefuka. Litakaa ndani ya koti.

Vifungo vyeusi vinne vya koti.

Na Pokni. Ijumaa, saa tatu na nusu asubuhi, na miwani yake, na viatu vyote viwili visivyoteleza. Kitufe kiko sakafuni, na sitamruhusu mtu mwingine akikanyage kwanza.