Mti Ulioinama Kwenye Tope

Baharini, 24 Aprili 1945

Dada Enid,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, bado unakukaza asubuhi ukiinama kupanga chaza? Mimi mzima, nimenenepa hata mkanda umehama matundu mawili.

Najua bado umenuna. Miaka mitatu tangu nikuachie shamba nikaingia jeshini bila kuaga. Nimekuandikia barua kumi na tisa, wewe hata mstari. Sikulaumu.

Juzi ofisa aliuliza nani amewahi kufanya kazi kwenye tope. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Akatuonyesha picha iliyopigwa kutoka angani: pwani ya tope tupu, na safu nne za miti iliyochimbiwa, utadhani shamba letu la chaza. Ila hii wameisimamisha Wajapani ili itoboe vyombo vyetu. Sisi wahandisi tutatangulia siku moja kabla ya wenzetu, maji yakipwa, tuilipue kufungua mapengo ya vyombo kupita, kila pengo upana wa miti tisa. Barua hii itazuiwa mpaka kazi iishe, ndiyo maana naandika wazi.

Nikirudi nitakuomba radhi uso kwa uso.

Mdogo wako,
Clarrie


Tuncurry, 15 Mei 1945

Clarrie,

Salamu. Hapa wazima, na mgongo usiuulize.

Barua yako nimeipata leo. Gazeti liliitangulia: askari wetu wameshuka kisiwa cha Tarakan tarehe mosi. Kwa hiyo ninyi mliingia topeni tarehe 30. Nimepiga hesabu. Safu nne, miti tisa kila safu katika pengo moja, jumla thelathini na sita. Mzoefu wa tope hufunga baruti kwenye mti mmoja kwa dakika tano. Tuseme watu sita, nusu saa. Wageni wa tope, saa nzima, tena risasi zinalia. Nimeirudia hesabu mara nne na kila mara inatoka saa nzima.

Sasa lililo zito. Tarehe 10 Aprili nilikuandikia. Ndiyo, mimi. Mafuriko yalikuwa yameondoka na mashua moja na theluthi ya chaza, nami niko peke yangu majini na miaka yangu arobaini na moja. Shamba hili nililianza kwa miti mia mbili ya kuokota, baba akiwa ameshazikwa. Leo ni elfu sita, na hakuna aliyenipa hata mmoja. Nikakumbuka ulivyoondoka. Nikakuandikia usirudi, kwamba hapa si kwenu tena.

Kama ilikufikia kabla ya tarehe 30, uliingia kwenye tope lile ukiwa na maneno hayo mfukoni. Nayafuta. Niandikie neno moja tu, hata la kunitukana.

Dada yako,
Enid


Tuncurry, 27 Mei 1945

Clarrie,

Sijui nikusalimu vipi, maana sijui kama upo wa kusalimiwa.

Barua yangu ya tarehe 10 imerudi leo. Haijafunguliwa. Juu yake mtu ameandika kwa penseli nyekundu: Hayupo kikosini. Mama wa posta akaniambia, "Enid, labda wamemhamisha tu." Nikamjibu, "Wamemhamisha wapi ambako jeshi lenyewe halikujui?"

Kwa hiyo hukuisoma. Nimefurahi hukuisoma, halafu nikaona haya kufurahi. Naituma hii kwa anwani ile ile kwa kuwa sina nyingine.

Dada yako


Hospitali ya jeshi, Morotai, 13 Mei 1945

Dada Enid,

Shikamoo. Kabla hujauliza: ni mzima, miguu miwili, mikono miwili, vidole ishirini. Nimevihesabu.

Tarehe 30 gari la minyororo, liendalo majini na topeni, lilitufikisha hadi lilipoweza, tukateremka. Tope la kiunoni. Manowari zetu zilikuwa zinapiga mizinga juu ya vichwa vyetu na moshi umetandazwa ili tusionekane. Wenzangu wakasimama wima wakazama. Nikawafundisha ulivyonifundisha: lala, mbao kifuani, sukuma kwa miguu. Sajini wetu Tolhurst, mtu wa mashamba ya ngano, akatema tope akasema, "Chaza," ndivyo wanavyoniita, "mimi sikuzaliwa kuwa kaa!"

"Kaa hana kelele kama zako, Sajini."

Tukafunga baruti kwenye miti thelathini na sita kwa dakika arobaini na mbili. Utambi ukawashwa, tukarudi nyuma, tope likanyesha kama mvua. Moshi ulipopungua nikahesabu. Thelathini na mitano chini. Mmoja umeinama.

Unaijua sheria ya shambani. Mti uliosimama unaonekana. Ulioinama hufunikwa na maji, na huo ndio unaotoboa mashua, kwa hiyo hauachwi mpaka kesho. Nilikuwa nimeshika ukingo wa gari nipande. Maji yalikuwa yanajaa. Miguu ikageuka yenyewe.

"Chaza! Unakwenda wapi, mwendawazimu we?"

"Umebaki mmoja!"

"Mmoja si kitu!"

"Kwenu kwenye ngano!"

Nikaulipua kwa baruti iliyobaki mkobani. Nilipogeuka, gari limeshaondoka. Katika moshi waliona mtu akipanda gari la pili wakadhani ndiye mimi. Nikaogelea kuelekea bahari kuu mpaka watu wa pengo la jirani wakaniokota, wakanipeleka kwenye meli yao. Hapo ndipo nilipoona buti moja limebaki topeni na kisigino kimepasuka. Chaza, dada! Chaza wa mwituni aliyeota kwenye mti wa Mjapani. Risasi zote zile zimenikosa, nikakatwa na chaza.

Asubuhi ya tarehe mosi, kabla homa haijanilaza, niliomba nibebwe sitahani. Nilihesabu vyombo vilivyopita kwenye pengo letu: kumi na vinne, kisha moshi ukafunika. Hakuna kilichokwama. Baadaye mguu ukavimba kama gogo, na siku tatu sikuweza kumtajia mtu jina langu. Kikosini nikaandikwa sipo. Tolhurst alinipata tarehe 4. Alinitukana robo saa bila kurudia tusi, kisha akaketi kitandani akalia.

Daktari anasema nitarudishwa Australia, na kisigino kitachechemea. Wenzangu wote wanaandika nyumbani kwamba wanakuja. Mimi nauliza kwanza. Niliondoka bila ruhusa yako, sitaki kurudi bila ruhusa yako. Je, nije?

Mdogo wako,
Clarrie


Tuncurry, 2 Juni 1945

Mdogo wangu Clarrie,

Umeamkaje? Mguu? Unabadilishiwa bandeji mara ngapi kwa siku? Mara mbili haitoshi, waambie tatu, na maji ya chumvi ya moto. Wasipokubali niandikie jina la huyo daktari.

Mzee Haddow, jirani, alipiga makasia mpaka shambani kuniletea barua yako, kwa kuwa mama wa posta alitambua mwandiko. Nilikuwa majini mpaka mapajani. Nikasoma mstari wa vidole ishirini, nikakaa. Clarrie, nilikaa kwenye tope, maji yakanifika kidevuni.

"Enid! Amekufa?"

"Yupo hai!"

"Sasa mbona unazama?"

Nikacheka mpaka yule mzee akaogopa. Akanivuta kwa kasia, akaninywesha chai yake, mbaya kama kawaida, nikaimaliza.

Halafu nikasoma yaliyobaki, nikatafuta wa kumkasirikia. Nimekuwa na hasira nawe miaka mitatu, nimeizoea, inanisaidia kuamka. Lakini aliyekurudisha kwenye mti ule si ofisa wala si Mjapani. Ni sheria yangu, mimi niliyekuchapa kwa ajili yake ulipouacha mti mmoja umeinama kule mlangoni mwa ziwa letu. Vyombo kumi na vinne, tuseme watu thelathini kila kimoja: mia nne na ishirini. Nimefurahi wamepita. Nimefanya hesabu hiyo mara moja tu, na sitairudia, maana upande wa pili wake ulikuwa wewe.

Unauliza uje? Mjinga mkubwa. Barua ya tarehe 10 nimeitia motoni ikiwa bado imefungwa, na tusiitaje tena.

Shuka treni Taree, panda basi. Nitakuwa kwenye kivuko. Usije ukanikumbatia mbele ya watu, wananijua.

Au basi, nikumbatie. Waache waone.

Dada yako,
Enid