Bibi Yangu Kati ya Watu Mia Nane

Bi Verna mpendwa,

Kabla hujasoma zaidi, nakuomba unihifadhie kila neno la barua hii, usimsomee mhariri wa gazeti lako wala mume wako, na kama ni lazima uichape basi subiri uchaguzi upite na ubadilishe majina, maana hapa Wisconsin watu wanajuana na mimi bado naihitaji kazi yangu.

Mimi ni karani katika ofisi ya utafiti wa maoni, nimemaliza chuo mwaka jana, na kazi yangu ni kupiga simu majumbani, namba zikichaguliwa na kompyuta bila mpango wowote, nikiwauliza watu wa jimbo letu watampa nani urais. Mwezi huu wa Oktoba kila mtu amechoka na simu. Nikipiga mia wanapokea wawili, na mmoja wao hunitukana. Kanuni tulizitia saini: soma swali kama lilivyoandikwa, usiongeze neno, na ukimpata mtu unayemfahamu, omba radhi, kata simu, andika sababu.

Jumanne saa nane mchana kompyuta ilinipa namba, simu ikaita mara kumi na moja, na sauti iliyopokea ilikuwa ya Bibi Ardis, bibi yangu aliyenilea.

Ungemjua ungenielewa. Miaka yote, televisheni ikitangaza kwamba watu mia nane wa Wisconsin wameulizwa, yeye huweka uma chini na kusema, "Hao mia nane ni kina nani? Mbona mimi sijaulizwa hata siku moja?" Na Babu Norbert humjibu, "Wakuulize nini wewe, Ardis? Mapishi ya keki?" Kwa hiyo nilipotaja jina la ofisi yetu, kabla sijavuta pumzi ya kuomba radhi, nikasikia, "Hatimaye! Bwana mdogo, usikate, tafadhali usikate, ngoja nizime jiko nivae miwani." Miwani ya nini kwenye simu, sijui. Bi Verna, sikukata. Niliifanya sauti yangu nzito, nikasoma maswali yote ishirini na mawili, naye akajibu kama anayekula kiapo, wala hakunitambua.

Balaa ya kwanza ni jibu lake. Uani kwao kuna bango la mgombea wa Babu, kubwa kama mlango wa ghala, na ukoo mzima unajua kwamba nyumba ile ina kura mbili kwa mgombea mmoja. Bibi akaniambia, "Andika yule mwingine. Na upande huo ndio ninaoupigia kura tangu mwaka niliofunga ndoa, ila hilo usiliandike, mume wangu yuko hapo nje anakusanya majani makavu."

Balaa ya pili ilikuwa Ijumaa, tulipokwenda mgahawani kula samaki wa kukaanga kama kawaida yetu. Bibi alisimama na glasi yake ya brandi akawatangazia meza tatu, "Jamani, nimeulizwa!" Watu wakapiga makofi, Marlys wa kaunta akamletea kipande cha samaki cha bure, na Babu akajigamba, "Mmesikia? Mtu wetu anapanda, mke wangu keshasema!" Bibi akanitazama, akacheka. Viazi vyangu nikaviacha kwenye sahani.

Matokeo yatatangazwa wiki ijayo. Nikimwambia msimamizi wetu, Bwana Prochaska, nitafukuzwa, na jibu la Bibi litafutwa, awe tena mtu ambaye hajaulizwa. Nikinyamaza, jimbo zima litasoma takwimu ambazo mimi nimezichafua, na jimbo hili huamuliwa na kura chache. Sili wala silali. Nifanyeje?

Usinipigie simu, namba nisiyoijua siipokei. Tia jibu katika bahasha isiyo na jina, umwachie Marlys, umwambie ni ya kijana asiyemaliza viazi.

(Jibu lilifika kaunta siku ya Alhamisi. Tunalichapa sasa, uchaguzi umepita na majina yamebadilishwa. Wahusika wameridhia, mmoja wao anasema mume wake hasomi ukurasa huu.)

Kijana wa viazi,

Kwanza pumua. Pili, umekosea, tena ukijua, kwa hiyo usinililie. Mtu hamjibu mjukuu wake kama anavyomjibu mgeni. Kanuni ile ipo kwa sababu hiyo, haikutungwa ili ikutese. Halafu simu zenu hurekodiwa. Unataka Bwana Prochaska akusikie kwanza kwenye kinasa sauti au mlangoni kwake? Nenda kesho asubuhi kabla hujavua koti. Taja siku, saa na namba, omba jibu lile liondolewe. Mtu mmoja kati ya mia nane hatikisi jimbo, lakini karani anayemficha mmoja huwatia shaka wote waliobaki. Na sidhani atakufukuza: atampata wapi mwingine wa kutukanwa mwezi mzima wa Oktoba?

Sasa soma hii, iliyonifikia kwa posta ya siku ileile. Mwenyewe ameniruhusu.

"Bi Verna, mjukuu wangu alinipigia simu ya uchaguzi akijifanya mgeni mwenye mafua. Nilimjua alipofika kwenye umri: alinitajia themanini na mmoja kabla sijafungua mdomo. Ningemwambia aache upuuzi, lakini nimengoja miaka sitini, na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa adabu vile, kisha akanyamaza mpaka nimalize. Sasa naogopa nimemponza kazini. Wakitaka kulifuta jibu langu walifute, nimekwisha kulisema. Je, nimwambie kwamba nilimjua?"

Nimemjibu angoje, wewe ndiye utakayeanza. Kura yake ni siri yake. Mbele ya babu yako usiidokeze hata kwa kikohozi. Ukitoka kwa Bwana Prochaska, mpigie. Namba unayo. Piga saa nane mchana, mzee akiwa nje na majani yake, uiache iite hata mara kumi na moja, maana atakuwa anatafuta miwani. Karatasi ya maswali iache kazini.