Ulitangaza Redioni Kwamba Nitaimba

Mpendwa kaka,

Nilikuwa masjala, nimekumbatia mafaili, redio ya mwenzangu ikiongea chinichini, nikasikia sauti yako. Ulimwambia mtangazaji kwa simu kwamba umeshafika Doha, umepata kazi ya ulinzi, na kwamba bendi yetu itapiga Jumamosi hapa Eldoret kama ilivyopangwa. "Dada yangu ndiye ataimba," ukasema.

Mwenzangu akanigeukia. "Si huyo ni wewe?"

Nilitazama chini nikaona mafaili yametapakaa miguuni. Sikuwa nimeyasikia yakianguka.

Kaka, Jumapili tulikula pamoja kwa mama, Sugoi. Ulimaliza mursik, yale maziwa ya mgando, yote kwenye kibuyu, ukasifu, ukaaga kama mtu anayerudi mjini tu.

Na unajua mimi siimbi. Miaka hii yote nimesimama karibu na dramu za Kiprono, mdogo wetu, nimejificha nyuma ya gitaa la besi, macho kwenye bega lako la kushoto, wewe ukiimba mbele. Bendi nyingine huhesabu moja, mbili, tatu. Sisi hatujawahi. Bega likiinuka tunajiandaa, likishuka tunaingia. Nilidhani ndivyo muziki wa roki unavyopigwa duniani kote.

Unakumbuka Moi's Bridge, baada ya mavuno, watu wakingoja rumba? Mzee mmoja alisogea hadi jukwaani.

"Vijana, hiyo kelele mnazima saa ngapi?"

"Mzee, hii ni wimbo ya kwanza tu," ukamjibu.

"Basi Mungu atusaidie."

Akabaki mpaka mwisho. Nilicheka nikapotea kabisa kwenye besi, nawe ukapandisha sauti ukanifunika. Katika kila mji tuliozunguka ulinifunika hivyo.

Jana tulifanya mazoezi bila wewe. Tulishika vyombo, tukabaki tukitazama mahali unaposimama.

"Sasa nani anaanzisha?" Kiprono akauliza. "Ama tungoje atume bega kwa simu?"

Hakuna aliyecheka, hata yeye. Tulipojaribu, kila mmoja aliingia kivyake, kama makanisa mawili yanayopakana ukuta. Ikabidi nihesabu mimi, kwenye maikrofoni. Sauti yangu ilitoka kwenye spika ikanitisha.

Nimekukasirikia, lakini mshtuko ni mkubwa kuliko hasira. Ungeniuliza, ningekataa. Nadhani ulilijua hilo.

Nyimbo zako ziko juu mno kwangu. Nikizifuata huko, sauti inakatika. Kwa hiyo tumezishusha zote hadi pale ninapofika. Hazifanani tena na ulivyoziacha. Mama alisikiliza moja mlangoni, akaomba tuirudie.

Kunywa maji mengi huko kwenye joto. Na tafadhali usinipigie Jumamosi. Nikisikia sauti yako nitakuachia wimbo uuimbe, na wewe hupo.

Mwenye hofu, na anayekupenda,

Dada yako